Nafuu ya Mchukuzi

Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.
Aliyesema hayo hakuwahi kukata kona na Chevelle ya mwaka sabini
asubuhi ya Aprili, Saginaw, Michigan,
theluji chafu ikiyeyuka kando ya lami,
pampu ikilia kama nguruwe aliyebanwa mlangoni
na usukani mzito,
mzito, kana kwamba unageuza nyumba.

Wiki tatu nimelitandikia maboksi ya piza.
Kila alfajiri limetia sahihi yake, nyekundu.
Dombrowski akapita na mbwa wake:
"Wewe ongeza mafuta tu."
Nimeongeza. Chupa sita nimeongeza.
Namwagilia sakafu kwa njia ya kuzunguka.

Basi Jumamosi. Jeki, stendi mbili, tochi kinywani.
Mama amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
koti la kiwandani bado lina jina kifuani, VERLENE.
Miaka ishirini na sita alitia sili
kwenye maboksi ya usukani kama hili,
zamu ya pili, mji huuhuu.
"Hilo si langu," amesema kabla sijauliza.
"Yangu hayavuji."

Nafungua hosi. Mafuta yanafuata mkono
hadi kwapani, yanatulia huko.
Kiungo cha mpira kimekakamaa kama ngozi ya ngoma.
Kisha nati ya mkono wa usukani,
kubwa kama kikombe cha kahawa,
haijaguswa tangu kabla sijazaliwa.
Nachomeka bomba kwenye spana, naning'inia kama popo.
Inalegea. Mkono wenyewe hautaki.
Nafunga pula. Nakaza. Nagonga nyundo. Nakaza.
Nanywa kahawa iliyopoa. Nakaza.
"Toa uso hapo," mama anasema, "hiyo kitu ita—"

Pa!

Barabarani mbwa wa Dombrowski amebweka hadi sauti ikamkauka.
Mama hakupepesa.

Boliti tatu, na boksi likanishukia kifuani,
kilo kumi na tano na ushei, baridi kama samaki.

Jipya lilikuwa mezani, limepakwa rangi nyeusi, linanuka duka.
Nimelinyanyua nilifunge.
"Umehesabu?"
Sijahesabu.
"Lete huku."
Akalipakata kama mtoto wa watu.
Akazungusha shafti kushoto hadi ikagoma,
akaanza kulia: moja, mbili, tatu na kitu,
akarudi nusu yake, polepole,
kwa vidole visivyoweza tena kufunga kifungo cha blauzi.
Vikasimama.
"Gusa. Hapa ndipo kitovu chake.
Chuma kinakaza kidogo, kama mtu aliyebana pumzi.
Ukilifunga nje ya hapa gari litakwenda,
ila siku zote litakuwa linataka kwenda pengine."
Akanyamaza.
"Kama baba yako."
Akacheka mwenyewe, mimi nikarudi uvunguni.

Jioni, magurudumu hewani, injini imezimwa,
nageuza kushoto, nageuza kulia, mara ishirini,
mapovu yanapanda, yanapasuka, mafuta yanashuka, naongeza.
Nikawasha.
Pampu ikanong'ona tu.
Kidole kimoja, na gurudumu likageuka
kama mtu aliyeitwa jina lake.
Boksi la piza kavu.

Nilipotoka, yeye alikuwa na lile la zamani miguuni,
amelisugua kwa tambara na petroli,
miwani miwili puani, mmoja juu ya mwingine.
Chini ya uchafu wa nusu karne, rangi ya njano:
nukta mbili na mstari.
Kila fundi alikuwa na alama yake, aliwahi kuniambia.
Alilitazama kitambo.
"Sili gani," akasema, "inakaa miaka hamsini?"

Jumatatu dukani wakadai boksi bovu
ili wanirudishie dola zangu themanini.
Nikawaambia wakae nazo.
Liko jikoni kwake, juu ya gazeti,
linavuja.